Anne Frank (1929–1945): Maisha Yake na Shajara Yake

1. Utangulizi

Watahiniwa wengi wakiulizwa athari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia huandika kwamba Wayahudi milioni 6 waliuawa, kisha huhamia kwenye hoja inayofuata. Hoja hiyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba wakitakiwa kuifafanua hukwama, kwa sababu milioni 6 ni namba isiyo na sura wala jina. Watu hao walianza kunyanyaswa lini? Kwa nini hawakukimbia? Nani alijaribu kuwasaidia? Waliuawa wapi na kwa namna gani?

Wasifu huu utakusaidia kujibu maswali hayo kwa kufuata maisha ya mtu mmoja kati ya hao milioni 6. Jina lake ni Anne Frank. Hakuwa mwanasiasa wala mwanajeshi. Alikuwa mwanafunzi, na alikufa akiwa na miaka 15, yaani akiwa mdogo kuliko wengi wenu mnaojiandaa kwa mtihani huu. Dunia inamkumbuka kwa sababu aliandika shajara akiwa mafichoni, na shajara hiyo ikapona yeye asipopona.

2. Kuzaliwa na familia yake

Anne alizaliwa tarehe 12 Juni 1929 katika mji wa Frankfurt am Main, Ujerumani. Baba yake aliitwa Otto Frank na mama yake Edith. Dada yake, Margot, alizaliwa mwaka 1926. Walikuwa Wayahudi, na walikuwa Wajerumani kama majirani zao. Otto alikuwa amepigana upande wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kufikia cheo cha uofisa.

Mwaka aliozaliwa Anne ndio mwaka ulioanza Mdororo Mkuu wa Uchumi, mada unayoifahamu. Nchini Ujerumani mamilioni ya watu walipoteza kazi. Watu hao walikuwa tayari na kinyongo kutokana na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliowatoza fidia na kuwanyang'anya makoloni yao, Tanganyika ikiwamo. Adolf Hitler na chama chake cha Nazi walitumia hasira hiyo. Waliwaambia wananchi kwamba chanzo cha matatizo yote ni Wayahudi, na wengi waliokuwa na njaa wakakubali kupewa wa kulaumiwa.

Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akawa Kansela wa Ujerumani. Anne alikuwa na miaka 3 tu. Otto aliona mapema mambo yanakoelekea. Mwaka huohuo alikwenda Amsterdam, nchini Uholanzi, kufungua biashara ya pektini, kitu kinachotumika kugandisha jemu. Mkewe na watoto walimfuata, na Anne alifika Amsterdam mwanzoni mwa mwaka 1934. Hapo alianza shule, akajifunza Kiholanzi, akapata marafiki wengi. Walimfahamu kama mtoto msemaji sana, mcheshi na mwenye maswali mengi.

Kwa hiyo, ukiulizwa kwa nini Wayahudi hawakukimbia, jibu lako lianze na familia hii: walikimbia. Otto alijaribu hata kuihamishia familia yake Marekani, lakini hakufanikiwa kupata kibali. Nchi nyingi wakati huo zilipokea wakimbizi wachache sana. Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi, na baada ya siku 5 nchi ilikuwa imesalimu amri. Waliokuwa wamekimbia walifuatwa kulekule walikokimbilia.

3. Amri baada ya amri

Sehemu hii isome kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayoeleza jinsi maangamizi yalivyojengwa. Wanazi hawakuanza kwa kuua Wayahudi wote siku moja. Nchini Uholanzi walianza kwa amri ndogondogo, na kila amri ilipozoeleka walileta nyingine.

Mwaka 1940 Wayahudi walifukuzwa katika utumishi wa serikali. Mwanzoni mwa mwaka 1941 kila Myahudi alitakiwa kujiandikisha, jina na anwani yake. Wengi walijiandikisha wakidhani ni utaratibu wa kawaida wa ofisi, kumbe orodha hiyo ndiyo iliyotumiwa baadaye kuwakamata. Walikatazwa kuingia kwenye majumba ya sinema na bustani za umma. Walikatazwa kumiliki biashara, hivyo Otto akalazimika kuziweka kampuni zake chini ya majina ya wenzake wasio Wayahudi. Mwaka 1941 watoto wa Kiyahudi walitengwa na wenzao, na Anne na Margot wakahamishiwa shule ya sekondari ya Wayahudi peke yao. Mwaka huo pia Ujerumani iliwavua uraia Wayahudi wake waliokuwa wakiishi nje ya nchi. Kuanzia hapo Anne hakuwa raia wa nchi yoyote.

Mwezi Mei 1942 kila Myahudi kuanzia miaka 6 alilazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo yake ili atambulike barabarani. Mwezi uliofuata wakaamriwa kusalimisha baiskeli zao, wakakatazwa kupanda tramu, na wakakatazwa kutoka nje kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukizisoma amri hizi moja moja, kila moja inaonekana ni usumbufu tu. Ukizisoma kwa pamoja, unaona watu wanaondolewa hatua kwa hatua katika kazi, shule, barabara na uraia, mpaka inakuwa rahisi kuwaondoa katika uhai.

4. Maisha ya mafichoni

Tarehe 12 Juni 1942 Anne alitimiza miaka 13. Miongoni mwa zawadi alizopewa kulikuwa na daftari lenye jalada la mirabaraba myekundu na myeupe. Akalifanya kuwa shajara yake. Aliandika kwa Kiholanzi, na mara nyingi aliandika kama anayemwandikia barua rafiki wa kufikirika aliyemwita Kitty.

Wiki tatu baadaye, tarehe 5 Julai 1942, Margot alipokea barua ya kumwita kwenda kambi ya kazi nchini Ujerumani. Alikuwa na miaka 16. Wazazi walikuwa wamekwisha andaa maficho, hivyo kesho yake asubuhi, katika mvua, familia ilihama. Kila mmoja alivaa nguo juu ya nguo, kwa sababu Myahudi akionekana na sanduku barabarani angetiliwa shaka. Anne alimwacha paka wake.

Maficho yao yalikuwa katika jengo la ofisi ya Otto, namba 263 mtaa wa Prinsengracht. Nyuma ya jengo hilo kulikuwa na vyumba vya juu ambavyo mpita njia hawezi kuviona. Baadaye mlango wa kuingilia ulizibwa kwa kabati la vitabu lililofungwa bawaba, likafunguka kama mlango. Baada ya wiki moja iliingia familia ya Hermann na Auguste van Pels na mtoto wao Peter. Mwezi Novemba akaongezeka daktari wa meno, Fritz Pfeffer. Wakawa watu 8.

Mchana, wakati wafanyakazi wa ghala wako chini, hawakuruhusiwa kutembea na viatu, kufungua maji wala kusafisha choo. Mapazia hayakufunguliwa. Chakula kilitegemea kadi za mgawo zilizopatikana kwa siri, na kuna majuma walikula viazi na maharage tu. Usiku walisikiliza redio kwa sauti ya chini kujua vita imefikia wapi. Anne alibanana chumba kimoja kidogo na Pfeffer, mtu mzima wasiyeelewana, na wakawa wakigombania hata meza ya kuandikia.

Pamoja na hayo, watoto hao hawakuacha masomo. Walisoma lugha, historia na hisabati wakiamini kwamba vita ikiisha watarudi darasani. Anne alipenda historia na visa vya kale vya Wayunani. Aljebra aliichukia.

5. Waliowasaidia

Watu 8 wasingeweza kuishi mafichoni zaidi ya miaka miwili bila watu wa nje. Wafanyakazi wanne wa ofisi ya Otto ndio waliobeba mzigo mkubwa: Miep Gies, Bep Voskuijl, Johannes Kleiman na Victor Kugler. Jan Gies, mume wa Miep, alisaidia kupata kadi za chakula. Johan Voskuijl, baba yake Bep, ndiye aliyetengeneza lile kabati. Walileta chakula, vitabu, magazeti na habari. Kumficha Myahudi lilikuwa kosa la kuadhibiwa, na wao walilifahamu hilo kila walipopanda ngazi na vikapu vyao.

Hawakuwa watu wenye madaraka. Walikuwa makarani na mafundi. Hoja hii ni muhimu unapoandika insha, kwa sababu inaonyesha kwamba raia wa kawaida walikuwa na uchaguzi. Wengi walinyamaza. Wengine walishirikiana na Wanazi. Wachache walisaidia.

6. Mwandishi anayejisahihisha

Wengi hudhani shajara ya Anne ni maandishi ya mtoto yaliyookotwa yalivyo. Ukweli ni kwamba alikuwa mwandishi aliyefanya kazi yake kwa bidii.

Mwezi Machi 1944 waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London, Gerrit Bolkestein, alitangaza redioni kwamba baada ya vita zitakusanywa barua na shajara za wananchi ili ziwe ushahidi. Anne aliyasikia matangazo hayo. Alikuwa na ndoto ya kuwa mwandishi wa habari, kisha mwandishi wa vitabu. Mwezi Mei akaanza kuandika upya shajara yake yote kwenye karatasi, akifuta, akipanga na kuboresha. Alijaza karatasi zaidi ya 200 kwa muda usiofika miezi mitatu, na kitabu alichokikusudia alikipa jina la Kiholanzi lenye maana ya nyumba ya nyuma.

Katika kusoma upya alikutana na nafsi yake ya zamani. Aliona maneno makali aliyoandika juu ya mama yake akaona aibu, akajieleza kwa nini aliyaandika. Hicho ndicho kipimo cha ukuaji wake: aliingia mafichoni akiwa mtoto anayelalamikia wengine, na baada ya miaka miwili alikuwa kijana anayejihoji mwenyewe. Mara ya mwisho aliandika tarehe 1 Agosti 1944.

7. Kukamatwa na kifo

Asubuhi ya tarehe 4 Agosti 1944 ofisa wa Kijerumani, Karl Silberbauer, aliingia katika jengo hilo akiwa na polisi wa Kiholanzi. Watu wote 8 walikamatwa, pamoja na Kleiman na Kugler. Mpaka leo haijathibitishwa ni nani aliyewasaliti, au kama kweli walisalitiwa. Silberbauer alichukua mkoba uliokuwa na karatasi za Anne, akazimwaga sakafuni, akautumia kubebea vitu vya thamani. Kwake zile zilikuwa takataka. Walipoondoka, Miep na Bep walipanda juu, wakaziokota. Miep akazifungia katika mtoto wa meza bila kuzisoma, akisubiri mwenyewe arudi.

Wafungwa walipelekwa kambi ya Westerbork, na tarehe 3 Septemba 1944 wakapakiwa katika treni iliyokwenda Auschwitz, nchini Poland, ikiwa na watu 1,019. Ilikuwa treni ya mwisho kutoka Westerbork kwenda huko. Walipofika, wanaume walitengwa na wanawake. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Otto kuwaona mkewe na binti zake. Watoto wadogo, wazee na wagonjwa wengi katika treni hiyo walipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi ya sumu. Anne alikuwa amevuka miaka 15, akaingizwa kambini.

Kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1944 yeye na Margot walihamishiwa kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani. Mama yao alibaki Auschwitz, akafa Januari 1945. Bergen-Belsen haikuwa na vyumba vya gesi, lakini watu walirundikana bila chakula, maji safi wala dawa. Ukazuka ugonjwa wa taifasi, unaoenezwa na chawa. Margot alikufa kwanza, na Anne akamfuata muda mfupi baadaye, mapema mwaka 1945. Majeshi ya Uingereza yaliikomboa kambi hiyo tarehe 15 Aprili 1945. Hakuna ajuaye kaburi lao, kwani maiti zilizikwa kwa pamoja katika mashimo makubwa.

Kati ya wale 8, aliyepona ni Otto peke yake. Kleiman na Kugler pia walinusurika.

8. Shajara baada ya Anne

Otto alirudi Amsterdam Juni 1945 akijua mkewe amefariki, lakini akiwa bado na tumaini kwa binti zake. Mwezi Julai alithibitishiwa vifo vyao. Ndipo Miep alipofungua mtoto wa meza na kumkabidhi maandishi yale. Otto alikiri kwamba hakuwa amemfahamu binti yake kwa undani mpaka aliposoma alichoandika.

Kitabu kilichapishwa Uholanzi tarehe 25 Juni 1947, na tangu hapo kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 70. Jengo la Prinsengracht lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Nelson Mandela alieleza kwamba yeye na wafungwa wenzake waliisoma shajara hiyo gerezani Robben Island, ikawatia moyo. Otto alifariki mwaka 1980.

9. Shajara kama chanzo cha historia

Shajara ni chanzo cha awali, yaani imeandikwa na mtu aliyekuwapo wakati tukio linatokea. Ubora wake ni huu: Anne hakujua mwisho wa habari yake. Aliandika akiwa na hofu ya leo na matumaini ya kesho, jambo ambalo mwanahistoria aliyeandika miaka 20 baadaye hawezi kulirudisha. Pia imechunguzwa. Watu waliodai ni ya kughushi walijibiwa na uchunguzi wa karatasi, wino na mwandiko uliochapishwa Uholanzi mwaka 1986, uliothibitisha kwamba ni mwandiko wake.

Hata hivyo, ina mipaka. Inaeleza jengo moja na watu wachache. Baadhi ya majina yamebadilishwa, kwa mfano familia ya van Pels huitwa van Daan. Na jambo kubwa kuliko yote, inaishia siku tatu kabla ya kukamatwa. Auschwitz haimo. Bergen-Belsen haimo. Anayesoma shajara hiyo peke yake anaweza kufunga kitabu akidhani amesoma Holokosti, kumbe amesoma sehemu iliyotangulia tu. Nchini Uholanzi pekee zaidi ya Wayahudi 100,000 waliuawa kati ya takribani 140,000 waliokuwapo, na wengi wao hawakuacha hata ukurasa mmoja. Ukurasa wa mwisho wa Anne ukiisha, inakupasa kuendelea na vyanzo vingine: ushuhuda wa walionusurika, kumbukumbu za treni na kambi, na mashauri ya mahakamani.

Baada ya vita, mwaka 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Mahakama ya kimataifa ya kwanza kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilikaa hapa kwetu Arusha, mwaka 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu kuhusu mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Sheria ilikuwapo tangu 1948, lakini haikuyazuia yaliyotokea 1994. Fikiria sababu zake kabla ya kujibu swali la 5 hapa chini.

10. Makosa ya kuepuka katika mtihani

(a) Kuandika kwamba Anne aliuawa kwa gesi Auschwitz. Alikufa kwa ugonjwa Bergen-Belsen. Hata hivyo, usiandike kwamba kifo chake kilikuwa cha kawaida, kwani waliomfungia katika hali ile ndio waliomuua.
(b) Kuchanganya taifasi na taifodi. Taifasi huenezwa na chawa, na taifodi huenezwa kwa maji au chakula kichafu.
(c) Kuandika kwamba alizaliwa Uholanzi. Alizaliwa Ujerumani na kukulia Uholanzi.
(d) Kudai kwamba shajara inaeleza maisha ya kambini.
(e) Kutaja milioni 6 bila mfano wowote. Sasa unao mfano, utumie.

11. Maswali ya marudio

1. Eleza sababu tatu zilizomfanya Otto Frank kuhamia Uholanzi na sababu mbili zilizomzuia kwenda mbali zaidi.
2. Panga kwa mfuatano amri tano walizowekewa Wayahudi nchini Uholanzi kati ya 1940 na 1942, kisha eleza kila amri iliandaaje iliyofuata.
3. Fafanua ubora na mipaka ya shajara ya Anne Frank kama chanzo cha historia. Toa hoja tatu kila upande.
4. Raia wa kawaida hana nguvu mbele ya serikali katili. Jadili kauli hii ukitumia mifano ya watu waliowasaidia wakimbizi wa Prinsengracht.
5. Kwa nini sheria dhidi ya mauaji ya kimbari peke yake haitoshi kuyazuia?

Mwongozo wa swali la 4: Usikubali wala kukataa kauli moja kwa moja. Onyesha kwanza kwamba wasaidizi hawakuweza kuzuia kukamatwa, na kwamba watu 7 kati ya 8 walikufa. Kisha onyesha walichoweza: miaka miwili ya uhai kwa watu 8, na maandishi yaliyookotwa sakafuni. Hitimisha kwa msimamo wako, ukiutetea kwa ushahidi.